Gia za Shay: meno ni mahali pa mwisho pa kugusa

Kichwa cha treni cha mvuke aina ya Shay kina gia zake nje, wazi kabisa, ubavuni kulia. Ukisimama kando ya reli unaziona zote: krauni, yaani gia kubwa, zimefungwa kwenye uso wa kila gurudumu la kulia, pinioni, zile gia ndogo zinazozizungusha, zimevishwa kwenye shafti ndefu inayopita sambamba na reli kutoka mbele hadi nyuma. Kwa kuwa zinaonekana, kila anayesikia mngurumo hunyooshea gia kidole. Mimi nazitunza gia hizi kwa riziki yangu, kwenye reli ya watalii huku milima ya Appalachia, Marekani, baada ya kufundwa kazi katika karakana ya reli nyumbani Tanzania. Nikiitwa kusikiliza mngurumo, naanzia mbali na meno. Gia haijishiki yenyewe. Inashikwa na ekseli, na beringi, na pete zinazozuia shafti isiteleze. Hivyo vikichoka, gia nayo inahama.

Kwa wasioijua mashine hii: Ephraim Shay alikuwa mtu wa biashara ya magogo kule Michigan, na katika miaka ya 1870 alitafuta namna ya kuyavuta magogo yake juu ya reli hafifu, nyingine za mbao. Kiwanda kimoja cha mji wa Lima, Ohio, kilijenga ya kwanza kwa mpango wake mwaka 1880, hataza ikatoka 1881, na hadi 1945 zilikuwa zimejengwa takriban 2,770. Ya mwisho, namba 6 ya Western Maryland, ina uzito wa tani 162 za Kimarekani na iko Cass, West Virginia, kwenye reli ya zamani ya magogo ambayo mwinuko wake unafika asilimia 11. Injini ya kawaida ya mvuke yenye mzigo ingebaki hapo inazungusha magurudumu bila kusonga. Shay inapanda kwa sababu kila gurudumu linavuta, na kwa sababu nguvu inapitia gia kwanza: katika nyingi, shafti inazunguka mara mbili na kidogo kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu.

Silinda zake, kwa kawaida tatu, zimesimama wima upande wa kulia zikizungusha krankishafti. Boila imesogezwa kushoto ili kusawazisha uzito, hivyo ukiitazama kwa mbele utadhani waliojenga walikosea vipimo. Sasa angalia tatizo lilipo. Krankishafti imefungwa kwenye mwili wa injini. Magurudumu yako kwenye boji, yaani zile fremu zenye ekseli mbili mbili zinazogeuka chini ya mwili kila ikifika kona. Ili viwili hivi vielewane, kati yake kuna propela, yaani vipande vya shafti vyenye krosi (viungo vinavyoiruhusu izunguke ikiwa imepinda), na kila propela ina kipande cha mraba kinachoteleza ndani ya ala yake ili irefuke na kufupika. Beringi za pinioni, kwa upande wao, zimefungwa kwenye boji, pale pale ekseli zilipo. Huo ndio uamuzi wa busara kuliko yote katika mashine hii: boji inaweza kugeuka na kuyumba itakavyo, pinioni na krauni zinakwenda pamoja.

Aliyewahi kufunga difu ya lori anajua nusu ya kazi hii. Mstari wa kati wa ekseli na mstari wa kati wa shafti lazima ikutane kwenye nukta moja, kwa pembe ya nyuzi 90, na koni za gia zote mbili ziwe na ncha zake kwenye nukta hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba difu ina nyumba ya chuma. Ukishaipanga, inabaki ulivyoipanga. Shay haina nyumba. Ekseli yake lazima iwe na nafasi ndogo ya kusogea kushoto na kulia, la sivyo itabana kwenye kona. Krauni iko kwenye gurudumu, gurudumu liko kwenye ekseli, kwa hiyo kila ekseli inaposogea, mshikano wa meno unabadilika. Hakuna siku gia za Shay zinakaa mahali pamoja. Kazi ya fundi ni kuhakikisha zinahama ndani ya mipaka.

Mpaka wa kwanza unaochakaa ni wa juu na chini. Uzito wa injini unakalia shaba, yaani beringi za shaba zilizo juu ya ekseli. Shaba ikiliwa, fremu ya boji inashuka, na pinioni inashuka nayo. Beringi ya shafti nayo inaliwa upande wa chini kwa uzito wa shafti, ikishuka tena. Makosa haya mawili hayafutani, yanajumlishana: shafti inajikuta chini ya mstari wa ekseli. Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalitilii maanani. Pinioni inapolisukuma jino la krauni kwenda chini, yenyewe inasukumwa juu. Dereva akibadili mwelekeo wa safari, inasukumwa chini. Kama kifuniko cha beringi kimelegea, shafti inaruka kutoka sakafu hadi dari ya beringi kila anaporudi nyuma, na mlio wake ni wa nyundo, tofauti kabisa na mngurumo.

Mpaka wa pili ni wa shafti kwa urefu wake. Meno ya Shay ni ya koni iliyonyooka, na gia za aina hii daima hufukuzana kutoka kwenye ncha ya koni, iwe injini inapanda au inateremka, inakwenda mbele au inarudi. Pinioni zote zimekaa upande ule ule wa ekseli zake, zote mbele au zote nyuma. Haiwezekani vinginevyo: shafti ni moja, na pinioni mbili zilizotazamana zingezungusha ekseli kinyume. Matokeo yake misukumo haifutani. Yote inakwenda upande mmoja, na pete za kuzuia shafti zinaliwa upande mmoja miaka nenda rudi. Nikifungua boji na kukuta pete zimeliwa pande zote mbili sawasawa, nashtuka, kwa sababu gia peke yake haifanyi hivyo. Kuna kitu kingine kinachoisukuma shafti.

Mara nyingi kitu hicho ni kipande cha mraba cha propela. Shafti iko kulia, kwa hiyo kwenye kona ya kulia inatakiwa kufupika na kwenye kona ya kushoto kurefuka. Mraba ukikauka grisi au ukishika kutu, hautelezi tena. Boji inapogeuka, propela nzima inakuwa gongo linaloisukuma au kuivuta pinioni. Watu wa karakana wanaweza kupanga gia wiki nzima na kosa likarudi siku ya kwanza ya safari, kumbe dawa ilikuwa ndoo ya grisi. Mraba huo una mtego mwingine: unaingia kwenye ala yake kwa namna nne, na mbili kati ya hizo ni mbaya. Krosi inayofanya kazi kwa pembe haizungushi kwa mwendo sawa. Kwa pembe ya nyuzi 10 mwendo unapanda na kushuka kama asilimia 1.5, mara mbili kwa kila mzunguko. Uma za krosi za pande mbili zikilingana, krosi ya pili inafuta sehemu kubwa ya kosa la kwanza. Ukiugeuza mraba robo mzunguko wakati wa kufunga, makosa yanajumlishana, na gia zinapokea mapigo ambayo hakuna atakayeyaona kwa macho. Chora alama kabla hujafungua. Chora kwa patasi, maana chaki inafutika.

Mpaka wa tatu, na ndio unaodanganya zaidi, ni ekseli kwenda kushoto na kulia. Niliwahi kukabidhiwa mashine iliyokuwa ikinguruma kwenye kona za kulia tu. Kwenye reli iliyonyooka ilikuwa kimya kuliko nilivyotarajia kwa umri wake. Aliyeitengeneza kabla alikuwa amekuta meno yamelegea, akaongeza shimu, yaani vibati vyembamba vya kujazia nafasi, nyuma ya pinioni mpaka pleyi, ile nafasi kati ya meno, ikawa nzuri kwenye vipimo, injini ikiwa imesimama. Tatizo halikuwa hapo. Nyuso za vitovu vya magurudumu zilikuwa zimeliwa, ekseli ikawa na uhuru wa kupita kiasi. Gia zikifanya kazi kwenye reli iliyonyooka, zinafukuzana, ekseli inasukumwa kushoto na meno yanaachana. Kwenye kona ya kulia, reli ya nje inausukuma ukingo wa gurudumu la kushoto, na ekseli yote inaelekea kulia, krauni ikiingia ndani ya pinioni. Zile shimu zilikuwa zimeimaliza nafasi iliyobaki. Vilele vya meno vilikuwa vinagonga mizizi, na mizizi ilikuwa inang'aa kama imepigwa msasa. Tuliziba uchakavu wa vitovu kwanza, tukatoa shimu zote, tukapanga upya. Kwa hiyo injini ikinguruma kona moja na si nyingine, usifungue pinioni. Weka jeki, sukuma ekseli kwa mtaimbo, weka saa ya kupimia, usome inasogea kiasi gani. Kisha linganisha na mchoro wa mashine hiyo hiyo. Shay zilijengwa kwa ukubwa mwingi, na kipimo cha mashine moja hakifai nyingine.

Nyumbani tulikuwa na shida ya ukoo huu kwenye vichwa vya dizeli. Mota ya umeme inaning'inia juu ya ekseli kwa beringi zake, na beringi hizo zikiliwa, pinioni ya mota inasogea kwenye gia ya ekseli. Huko pia watu hubadilisha pinioni wakidhani ndiyo mgonjwa.

Baada ya beringi na ekseli kuwa sawa, ndipo yanakuja meno. Safisha kabisa, paka rangi ya buluu ya kupimia kwenye meno machache, zungusha polepole, usome alama. Kugusana kukibaki kwenye vilele, gia zimeachana. Kukishuka kwenye mizizi, zimebanana. Alama ikikaa ncha nyembamba ya jino pande zote mbili, au ncha nene pande zote mbili, pembe haiko nyuzi 90. Lakini ikiwa upande mmoja wa jino imekaa ncha nyembamba na upande wa pili wa jino hilo hilo imekaa ncha nene, shafti na ekseli zimepishana kimo, na hakuna shimu ya pinioni duniani itakayotibu hilo. Rudi kwenye shaba. Pleyi napenda kuipima kwa waya laini wa risasi: unaupitisha kati ya meno mwanzoni na mwishoni mwa jino, unapima unene wake kwa maikromita. Fila geji, vile vibati vya kupimia nafasi, inatosha kwa haraka, ila kwenye meno yaliyochakaa inalala juu ya tuta na kukudanganya.

Kuna kosa moja ambalo halihusu mpangilio lakini linajificha kama mpangilio, nalo ni vipenyo vya magurudumu. Kila ekseli imefungwa kwenye shafti moja kwa meno, hakuna difu ya kugawanya tofauti. Gurudumu la inchi 36 likifuatana na la inchi 35.5, kwa kila kilomita moja lazima mojawapo liteleze kama mita 14. Kwenye reli yenye unyevu linateleza kimyakimya. Kwenye reli kavu shafti inajikunja, meno yanabanwa, kisha yanaachiliwa kwa mshindo. Ndiyo maana magurudumu ya mashine nzima yanakerezwa pamoja, hata kama moja tu ndilo lenye kasoro. Wahasibu hawalipendi jambo hili.

Kwa haki niwataje ndugu zake wawili, vichwa vingine vya mvuke vinavyotumia gia. Climax, iliyojengwa Corry, Pennsylvania, kati ya 1888 na 1928, inapitisha shafti katikati chini ya tumbo, kwa hiyo urefu wa shafti haubadiliki sana kwenye kona, lakini kila ukaguzi unakutaka uingie shimoni. Heisler, ya hataza ya 1892, inatumia gia kwenye ekseli moja tu ya kila boji, ndani ya nyumba yenye oili, na ekseli ya pili inavutwa kwa fimbo. Kwa mpangilio wa gia, Heisler inanipa usingizi mzuri zaidi. Kwa kuona ugonjwa mapema, bado nachagua Shay, kwa sababu mchanga, kutu na ufa vyote viko nje machoni pangu.

Pinioni huisha kabla ya krauni, maana kila jino lake linaingia kazini zaidi ya mara mbili gurudumu likizunguka mara moja. Ukivisha pinioni mpya kwenye krauni kuukuu, tazama mahali ambapo uchakavu wa krauni uliishia: kunakuwa na kingo ndogo ambayo jino jipya litaipanda. Isawazishe kwa tupa, taratibu, jino kwa jino. Kisha ipeleke injini ikiwa tupu, mbele na nyuma, kona ya kulia na ya kushoto, na oili kidogo tu kwenye meno. Ile grisi nzito nyeusi ipakwe baada ya kurudi na kusoma alama, maana ikishapakwa huoni tena kitu.