Mtoto Kuchelewa Kusema: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Dhana: Wakati wake ukifika atasema tu.

Ni kweli kwamba watoto hutofautiana, na wengi wanaochelewa huja kuwafikia wenzao bila msaada wowote. Hata hivyo, hakuna anayeweza kumtazama mtoto wa miaka 2 na kujua kwa hakika kama ni miongoni mwa hao, na ndiyo maana ushauri wa kusubiri, ambao hutolewa kwa nia njema kabisa, huwagharimu baadhi ya watoto miezi ambayo wangeitumia vizuri. Neno la kwanza lenye maana kwa kawaida husikika karibu na umri wa miezi 12, na afikapo miaka 2 mtoto hutarajiwa kuwa na maneno yapatayo 50 na kuanza kuunganisha mawili, kama vile “mama njoo”. Neno huhesabiwa hata likiwa halijakamilika: anayesema “ji” kila atakapo maji tayari analo neno hilo. Aliyekuwa na maneno kisha akayapoteza apelekwe kwa daktari mara moja, awe na umri wowote.

Dhana: Masikio yake ni mazima, kwani mlango ukibamizwa hushtuka.

Kishindo si kipimo cha kusikia. Majimaji yanayojikusanya nyuma ya kiwambo cha sikio, hasa baada ya mafua au maambukizi ya sikio, yanaweza kumwachia mtoto sauti kubwa na kumnyima sauti hafifu kama “s” na “f”. Kwa hiyo mtoto anayechelewa kusema hupimwa masikio kwanza, hata kama wazazi hawana shaka nayo.

Dhana: Akilazimishwa kurudia maneno atajifunza haraka.

Hapa ndipo juhudi nyingi za wazazi hupotelea. Mtoto anayeamriwa “sema mpira, sema mpira” hujikuta katika mtihani, na wengi hunyamaza. Tuseme mpira umeingia chini ya kiti, naye anaunyooshea kidole huku akisema “pia”. Mzazi achuchumae usawa wake, atazame kule anakotazama yeye, aseme “Mpira! Mpira umeingia chini ya kiti,” kisha anyamaze na kumsubiri. Sekunde tano za kimya humwonekea mtu mzima kuwa ndefu mno, lakini mtoto anazihitaji ili aandae jibu lake. Hakuna haja ya kumwambia kwamba amekosea, kwa kuwa neno sahihi ameshalisikia mara mbili, tena wakati ule ule alipolihitaji. Kumnyima mpira mpaka alitamke ni ukali usio na faida.

Wapo pia wanaokataza kabisa kumsemesha mtoto kwa sauti ya kitoto. Sauti ya juu, ya polepole na yenye mahadhi huvuta usikivu wake na kumsaidia kutambua maneno, mradi maneno yenyewe yawe halisi na sentensi ziwe kamili. Kilicho bora kuepukwa ni mzazi naye kuuita mpira “pia”.

Dhana: Katuni zinamfundisha kuongea.

Televisheni husema bila kungoja jibu, wala haijui mtoto anatazama nini. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba watoto walio chini ya miaka 2 wasikalishwe mbele ya skrini, na kwamba wenye miaka 2 hadi 4 wasizidishe saa moja kwa siku.

Dhana: Lugha mbili zinamchanganya.

Kukua na lugha mbili hakuleti tatizo la usemi. Maneno yake yahesabiwe katika lugha zote mbili kwa pamoja, na kuzichanganya katika sentensi moja ni hatua ya kawaida. Mzazi anayeiacha lugha aijuayo barabara ili azungumze nyingine kwa kubabaika humpunguzia mwanawe mazungumzo tu.

Dhana: Ni mvulana, au ulimi wake umefungwa.

Wavulana hutanguliwa kidogo na wasichana, ila tofauti hiyo ni ndogo mno kueleza ukimya wa mtoto wa miaka 2. Ngozi fupi chini ya ulimi inaweza kutatiza kunyonya na, kwa baadhi ya watoto, utamkaji wa sauti chache, lakini haimzuii mtoto kuwa na maneno. Asiye na maneno apelekwe kwa mtaalamu wa usemi kabla ya kufikiria kuikata ngozi hiyo.