Je, wajua kwa nini Yanga walishinda Algiers na kombe likabaki Algeria?

Usiku wa tarehe 3 Juni 2023, katika Uwanja wa 5 Julai jijini Algiers, Yanga waliifunga USM Alger bao 1-0. Djuma Shabani alifunga kwa penalti dakika ya 7 tu, na kipindi cha pili kipa Djigui Diarra akapangua penalti ya wenyeji. Filimbi ya mwisho ilipolia, walioshinda mechi wakavishwa medali za washindi wa pili, na waliofungwa wakanyanyua Kombe la Shirikisho Afrika. Jumla ya mabao ya mechi zote mbili ilikuwa 2-2. Hakukuwa na dakika za nyongeza wala matuta, yaani mikwaju ya penalti.

Shabiki yeyote wa kijiweni atakujibu kwa maneno mawili: goli la ugenini. Sawa, lakini kwa nini bao lililofungwa ugenini liwe na uzito kuliko lililofungwa nyumbani, ilhali nyavu ni zilezile na mpira ni uleule?

Kwanza hesabu yenyewe. Rudi nyuma siku sita, 28 Mei, Uwanja wa Mkapa, Dar es Salaam. Aimen Mahious aliwatanguliza Waalgeria dakika ya 32. Yanga wakasukuma, wakasukuma, mpaka dakika ya 82 Fiston Mayele aliposawazisha. Uwanja mzima ukiwa bado umesimama, dakika ya 84 Islam Merili akafunga la pili, mechi ikaisha 1-2. Watu wengi huzungumzia nafasi ambazo Yanga walikosa kule Algiers, lakini mimi naamini kombe lilipotea katika zile dakika mbili za Dar es Salaam. Mechi ingeisha 1-1, ule ushindi wa 1-0 wa Algiers ungewapa Wananchi, yaani Yanga, kombe kwa jumla ya 2-1, bila ubishi wa kanuni yoyote. Bao la Merili liliifanya 1-0 isitoshe tena. Ilibidi Yanga wafunge angalau mawili ugenini.

Kanuni yenyewe inasema hivi: jumla ya mabao ikilingana baada ya mechi mbili, anasonga mbele aliyefunga mengi zaidi ugenini. USM Alger walikuwa na mawili waliyofunga Dar, Yanga walikuwa na moja la Algiers. Hapa kuna jambo linalochanganya watu. Husemwa kwamba bao la ugenini "linahesabiwa mawili". Lingehesabiwa mawili kweli, timu iliyoshinda 4-2 nyumbani kisha ikafungwa 1-0 kwenye marudiano ingetolewa kwa 5-4. Kanuni haifanyi hivyo. Timu hiyo inapita kwa jumla ya 4-3, na hakuna anayeuliza nani alifunga wapi. Ugenini huulizwa pale tu jumla inapolingana.

Asili yake iko Ulaya ya miaka ya 1960. Mashindano ya klabu za bara hilo yalichezwa kwa mtoano wa nyumbani na ugenini, na timu zikitoka sare kwa jumla, zilicheza mechi ya tatu kwenye uwanja usio wa yeyote kati yao. Nayo ikiisha sare, iliamuliwa kwa bahati nasibu. Mwaka 1965, kwenye robo fainali ya Kombe la Ulaya, Liverpool na Köln ya Ujerumani Magharibi walitoka 0-0 mara mbili, wakakutana Rotterdam kwa mechi ya tatu, wakatoka 2-2. Mwamuzi akarusha kisahani chenye upande mwekundu na upande mweupe. Kikatua kwenye tope na kusimama wima, hakikulala huku wala kule! Ikabidi kirushwe tena, na safari hii Liverpool wakapata nusu fainali. Hebu fikiria mchezaji wa Köln aliyetolewa hivyo baada ya kucheza saa tano za mpira, pamoja na dakika za nyongeza, bila kupoteza mechi.

Msimu uliofuata, 1965/66, UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, ikaanza kutumia bao la ugenini kwenye Kombe la Washindi la Ulaya. Honvéd ya Hungaria walishinda 3-2 mjini Prague dhidi ya Dukla, wakafungwa 2-1 kwao, jumla 4-4, wakapita. Hakukuwa na mechi ya tatu wala kisahani.

Kuepuka bahati nasibu ilikuwa sababu moja. Nyingine ilikuwa mwenendo wa timu ngeni. Enzi zile kusafiri kwenda nchi nyingine kucheza mpira kulichosha kweli, viwanja vilitofautiana sana, na wageni wengi walikwenda kujilinda tu, wakiomba dakika 90 ziishe wakamalizie kazi kwao. Kanuni ikawawekea kishawishi: ukithubutu kushambulia huko uliko, bao lako litakufaa baadaye.

Afrika ikaichukua, na isidhaniwe kwamba kwa Afrika Mashariki imeleta machozi tu. Mwaka 1987 Gor Mahia walikwenda Tunis kwenye fainali ya Kombe la Washindi Afrika, wakatoka 2-2 na Espérance. Marudiano Nairobi yakaisha 1-1. Jumla 3-3, lakini K'Ogalo, yaani Gor Mahia, walikuwa na mawili ya ugenini dhidi ya moja la Espérance, kombe likabaki Kenya. Hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyowahi kubeba kombe la bara, na hilo moja lilikuja kwa kanuni hiihii iliyowaliza Yanga miaka 36 baadaye.

Sasa, Ulaya iliyoizaa imeshaitupa. Juni 2021 UEFA ilitangaza kuiondoa kuanzia msimu wa 2021/22, na ikatoa takwimu zake. Katikati ya miaka ya 1970, wenyeji walikuwa wakishinda asilimia 61 ya mechi na wageni asilimia 19. Kufikia 2021 ilikuwa asilimia 47 kwa 30. Wastani wa mabao ya wenyeji kwa mechi ulishuka kutoka 2.02 hadi 1.58, wa wageni ukapanda kutoka 0.95 hadi 1.15. Maana yake, ugenini si mateso kama zamani, kwa hiyo fidia yake imepitwa na wakati. Tena kanuni ilikuwa imeanza kuzaa kinyume cha ilichokusudia: mwenyeji wa mkondo wa kwanza ndiye aliyeogopa kushambulia, maana akiruhusu bao moja tu nyumbani hesabu zake zote zinavurugika.

Woga huo ni wa kweli, na kwenye mtoano wa Afrika bado upo. Chukua nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika ya 2025. Mamelodi Sundowns walitoka 0-0 na Al Ahly mjini Pretoria, matokeo ambayo shabiki wa kawaida angesema yamewanufaisha Waarabu. Kumbe kinyume chake: Al Ahly walirudi Cairo bila bao la ugenini mfukoni, na sare yoyote ya mabao ingewatoa. Ikaisha 1-1, dakika za mwisho mwisho, Sundowns wakaenda fainali. Mwaka mmoja kabla, Zamalek walibeba Kombe la Shirikisho kwa hesabu hizohizo: walifungwa 2-1 na RS Berkane huko Morocco, wakashinda 1-0 Cairo.

Je, CAF, shirikisho la soka la Afrika, nayo iifute? Nadhani bado mapema. Ugenini wa Afrika haujalainika kama wa Ulaya. Timu inaweza kubadilisha ndege mara mbili kufika nchi isiyo mbali kwenye ramani, ikatoka kwenye joto la Dar saa kumi jioni kwenda baridi ya Afrika Kaskazini usiku, na kelele za kule na fataki tunazijua wote. Tazama matokeo: mwaka 2023 Simba waliifunga Wydad 1-0 Dar, Wydad wakarudisha 1-0 Casablanca. Mwaka 2025 Al Masry waliichapa Simba 2-0 Misri, Simba wakajibu 2-0 Dar. Kila mmoja mbabe kwake. Anayethubutu kufunga katika mazingira hayo, akipewa kipaumbele kidogo, sioni dhuluma.

Kuna jambo moja ambalo CAF wamelifanya vizuri kuliko Ulaya ya zamani. UEFA walikuwa na dakika 30 za nyongeza kwenye marudiano, na bao la ugenini lilihesabika hata ndani yake, yaani mgeni alipata nusu saa zaidi ya kufunga bao la thamani ambayo mwenyeji wake hakuipata kule kwenye mkondo wa kwanza. Kwenye mtoano wa CAF, kama hata mabao ya ugenini yamelingana, mnakwenda moja kwa moja kwenye matuta. Ndivyo Simba walivyotolewa na Wydad kwa penalti 4-3, na ndivyo walivyoitoa Al Masry kwa 4-1.

Yanga pia waliyaonja, Aprili 2024, kwenye robo fainali ya Ligi ya Mabingwa dhidi ya Sundowns. Dar 0-0. Pretoria, kipindi cha pili, Stephane Aziz Ki akaachia shuti lililogonga mwamba wa juu na kudunda chini, Wananchi wakaruka wakidai mpira umevuka mstari. Bao halikukubaliwa. Lingekubaliwa, Sundowns wangelazimika kufunga mawili, kwa sababu 1-1 ingewatoa wao. Mechi ikaisha 0-0, kanuni ikakosa cha kuhesabu, na Sundowns wakapita kwa matuta 3-2.