Bibi Hayumo Kwenye Sensa: Someni Kabla ya Kulalamika

Miezi ya karibuni dawati letu la watafiti limepokea malalamiko ya Waswahili waishio Marekani, wengi wao waliooa au kuolewa huko, wanaotafuta ukoo wa bibi aliyeishi mashambani karne ya 19. Lalamiko ni lile lile: "Mmeficha kumbukumbu." Hatujaficha. Bibi hakuandikwa, na aliyemwacha nje ni sheria ya wakati wake.

Sensa za Marekani za 1790 hadi 1840 zilitaja jina la mkuu wa kaya peke yake. Wengine walihesabiwa tu kwa umri na jinsia. Kila mtu huru alianza kuandikwa jina mwaka 1850. Watumwa waliorodheshwa chini ya jina la mmiliki, kwa kawaida bila majina yao, hivyo wazao wao waanzie sensa ya 1870, ya kwanza baada ya utumwa kukomeshwa. Uhusiano na mkuu wa kaya haukuandikwa hadi 1880. Kwa hiyo anayesoma kaya ya 1850 na kusema "huyu mke, yule binti" anakisia, hata kama miti kumi ya ukoo kwenye intaneti inasema hivyo. Miti kumi iliyonakiliana ni shahidi mmoja. Na sensa ya 1890, tunayoulizwa kila wiki, karibu yote ilipotea kutokana na moto wa Januari 1921 jijini Washington. Msiiombe.

Wala msiombe cheti cha kuzaliwa cha 1839. Usajili wa vizazi ulikuja kufikia majimbo yote 48 ya wakati huo mwaka 1933.

Mchukueni kwa mfano Caroline Quiner, mama wa mwandishi Laura Ingalls Wilder, aliyezaliwa Brookfield, Wisconsin, Desemba 1839. Baba yake alikufa maji Ziwa Michigan mwaka 1845. Mama akaolewa tena 1849 na Frederick Holbrook, kwa hiyo anayemtafuta mama huyo kwa jina la Quiner katika sensa ya 1850 atazunguka bure. Februari 1860 Caroline naye akaolewa na Charles Ingalls, na jina la Quiner likatoweka tena. Wakahama Kansas, Minnesota, Iowa, mpaka De Smet huko Dakota, alikofariki 1924. Shamba la De Smet liliombwa kwa jina la mume. Njia ya kurudi kwa wazazi wake inapita kwenye ndoa, na ndoa hutafutwa katika kaunti ilikofungwa. Huko alikozikwa mtakuta kaburi tu.

Mjane alikuwa na bahati mbaya iliyomwachia karatasi. Chini ya Sheria ya Homestead ya 1862, iliyogawa ardhi ya serikali kwa walowezi, mjane, au mwanamke asiye na mume aliyetimiza miaka 21, aliweza kuomba ekari 160 kwa jina lake. Mjane wa askari wa kawaida aliyefia katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe alilipwa pensheni ya dola 8 kwa mwezi, lakini kwanza athibitishe ndoa. Asiye na cheti alileta viapo vya majirani na mkunga, au alichana ukurasa wa Biblia ya familia na kuutuma Washington. Nimewahi kushika ukurasa kama huo: wino umegeuka kahawia, majina ya watoto saba kwa mwandiko mmoja, na pembeni matundu ya uzi ulioushikilia kitabuni.

Majalada hayo ya pensheni na mashamba yako Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka ya Marekani. Kitambulisho cha mtafiti ni bure, kwa mwenye umri wa miaka 14 na kuendelea. Koti na begi hubaki nje. Ndani ni penseli tu. Kalamu ya wino haiingii hata ikiwa na kifuniko. Kuondoa, kuficha au kuharibu waraka ni kosa chini ya kifungu cha 2071, Sura ya 18 ya sheria za shirikisho: faini, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Ndiyo, hata ukurasa mmoja. Ndiyo, hata kama ni Biblia ya bibi yenu.

Mnaoomba kwa barua, andikeni jina la mume, kikosi chake kama alikuwa askari, kaunti, na mwaka wa kukadiria. Barua inayosema "bibi yetu Mary wa Ohio" itarudishwa kwa mwandishi.