“Mstaafu” si kazi

Mgonjwa akija na kikohozi kisichokoma na pumzi inayomkatika akipanda ngazi, daktari wa zahanati huwazia pumu, sigara au kifua kikuu. Vumbi la kazini hufikiriwa mwisho, likifikiriwa. Mimi ni daktari wa mapafu, na barua nyingi za rufaa ninazopokea zina neno moja tu kwenye nafasi ya kazi: mstaafu.

Mstaafu wa kazi gani? Mwaka 1700 daktari Mwitalia Bernardino Ramazzini aliwahimiza wenzake wamuulize mgonjwa kazi yake. Mimi husema ziulizwe zote, tangu ya kwanza, kwa sababu madhara ya asbesto, madini ya nyuzinyuzi yaliyotumika kwenye mapaa, mara nyingi hujitokeza baada ya miaka 20 au zaidi; karani wa leo huenda alibomoa mapaa ujanani. Jina la kazi nalo halitoshi. Fundi mawe alikata makavu au kwa maji? Na ovaroli za mbomoaji wa mapaa alizifua nani? Mke aliyezikung’uta nyumbani naye alivuta asbesto. Kifua hubana lini? Kikibana siku ya kwanza ya kurudi kazini baada ya mapumziko, kisha kikalegea siku zinazofuata, ulizia vumbi la pamba: huenda ni bisinosi, ugonjwa wa mapafu uletwao na vumbi hilo.

Umri usikudanganye. Silikosi ya kawaida, yaani makovu ya mapafu yaletwayo na vumbi la silika, madini yaliyomo kwenye mawe na mchanga, huchukua miaka 10 au zaidi, lakini mawe bandia ya kaunta za jikoni, ambayo silika yake huweza kuzidi asilimia 90, huwaletea wakataji ugonjwa huo mapema sana, wengine wakiwa bado vijana. Australia iliyapiga marufuku Julai 2024.

Ndipo vije vipimo. Spirometri, kipimo cha nguvu ya kupumua, huweza kuwa ya kawaida mwanzoni, na eksirei safi haifuti maelezo ya mgonjwa. Ukiwa na shaka, omba CT skani. Vinundu vidogo vya silikosi hupenda sehemu za juu za mapafu, kulekule kunakopendwa na kifua kikuu, ilhali makovu ya asbesto huanzia chini. Pima makohozi hata ukiwa na hakika ni silikosi: silika huongeza hatari ya kifua kikuu, na magonjwa haya hukaa pamoja bila shida.

Katika rufaa niandikie vumbi gani, miaka mingapi, na kama wenzake kazini nao wanakohoa. Hao nao wanahitaji kupimwa.