Mrija wa Machozi Ulioziba: Upasuaji na Utulivu wa Moyo

Swali: Mamangu, hapa Lamu, jicho lake moja latoka machozi mwaka wa pili sasa. Siku hizi haendi arusini wala matangani. Jicho tu laweza kumfungia mtu ndani?

Laweza, na usilione jambo dogo. Machozi yakishalowesha jicho huingia katika vitundu viwili kwenye kona ya ndani, yakapita kwenye kifuko kilicho kando ya pua, kisha mrija huyateremsha puani. Mrija ukiziba, hayana pa kwenda ila shavuni. Basi mama hupangusa kutwa, ngozi ikachubuka, wanja usikae, na kila anayepishana naye kichochoroni humuuliza analilia nini. Akichoka kujibu, huona heri abaki nyumbani. Wapo watakaomwambia ni husuda ya watu, naye azidi kujilaumu. Huu ni ugonjwa unaojulikana, huwapata zaidi wanawake wa makamo na wazee, na hakuna alilokosea. Mwambie hivyo waziwazi.

Swali: Daktari ameshauri upasuaji, naye aogopa atapofuka.

Wengi wana hofu hiyo na huificha, wakaishia kuahirisha miadi hadi kifuko kinavimba na kujaa usaha. Upasuaji huu haufanywi ndani ya jicho lenyewe. Daktari huondoa kipande kidogo cha mfupa na kufungua njia mpya kati ya kifuko na pua. Hupitia ngozi ya kando ya pua, ambako hubaki kovu dogo linalofifia, au hupitia puani kwa kamera nyembamba, pasi na kovu la nje. Kupoteza uwezo wa kuona ni nadra sana.

Anayefanyiwa kwa ganzi, bila nusu kaputi, anaweza kusikia vyombo vikifanya kazi kwenye mfupa. Aelezwe mapema, maana sauti isiyotarajiwa hutisha kuliko maumivu. Naye amwambie daktari kinachomtisha, hata kama ni kulala asiamke. Dawa ya kumtuliza ipo. Ataje pia dawa anazotumia, hasa aspirini na nyingine za kuzuia damu kuganda, lakini asiziache kwa uamuzi wake.

Ikiwa safari ni ya Mombasa, yaani boti hadi Mokowe kisha basi, pangeni kabla ya siku yenyewe nani atamsindikiza na watalala wapi. Mgonjwa anayejua hayo huingia chumba cha upasuaji akiwa ametulia zaidi.

Swali: Na sala?

Wazee wengi huwaza hili kuliko kidonda, ila huona haya kumuuliza daktari. Siku za mwanzo kuinamisha kichwa, kupenga kamasi na kuingiza maji puani huweza kuleta damu. Kupandisha maji puani wakati wa udhu ni sunna katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi pwani, na mgonjwa ameruhusiwa kusali ameketi. Amuulize daktari ajizuie na hayo kwa siku ngapi, na imamu wake kwa yanayobaki.

Swali: Amerudi nyumbani, machozi bado yatoka. Analia kweli sasa, asema pesa zimepotea.

Mara nyingi huwekwa mrija mwembamba wa silikoni ili njia mpya isizibe, na hukaa wiki kadhaa au miezi. Ukiwa bado ndani, machozi yanaweza kuendelea, na hiyo si dalili kwamba upasuaji umeshindwa. Kwa kawaida takriban wagonjwa 9 kati ya 10 hupata nafuu, na ambaye hakupata anaweza kufanyiwa tena. Mtembeleeni. Ila akikosa usingizi na hamu ya kula kwa zaidi ya wiki 2, au akisema maisha hayana maana, hilo ni la kumwona mhudumu wa afya, wala msingojee mrija utolewe.

Mrija ukichomoza kwenye kona ya jicho, asiuvute wala kuukata. Aubandike kwa plasta kando ya pua na arudi hospitali. Damu isiyokatika, homa au uvimbe unaoongezeka, aende siku hiyo hiyo.