Mafiga matatu hayakati kona

Wiki hii tena. Kijana kaleta bajaji iliyokwanguka ubavu mzima, kioo cha mbele hakipo, na kabla sijashika spana ananiambia: "Mzee, kitu cha miguu mitatu kinaangukaje? Si kama mafiga?"

Nimechoka na hayo mafiga. Yanabeba sufuria kwa sababu yametulia chini. Yape spidi 50 yakate kona, uone wali utakavyomwagika.

Pikipiki nimeanza mwaka 1984, bajaji nimeijia ukubwani, na nasema bila aibu kwamba uzoefu wa pikipiki ndio ulioniponza. Ukiwa na mwendo na unataka kwenda kulia, mkono wa kulia unasukuma usukani mbele kidogo. Gurudumu linatazama kushoto kufumba na kufumbua, pikipiki inalala kulia, umepita. Hakuna aliyekufundisha, mwili unajua wenyewe. Sasa fanya hivyohivyo kwenye bajaji: inakupeleka kushoto. Mimi ilinipeleka mtaroni, tena mbele ya watu.

Bajaji hailali. Ukikata kona, uzito wote unatupwa nje, na ili usipinduke ni lazima uzito huo ubaki ndani ya mstari unaotoka gurudumu la mbele hadi lile la nyuma la upande wa nje. Mbele kuna gurudumu moja tu, kwa hiyo uzito ukisogea mbele unaukaribia huo mstari. Nini kinausogeza mbele? Breki! Umeingia kona na kasi yako, umeshtuka, umekanyaga, na gurudumu la ndani limeshainuka. Kanyaga mapema, chombo kikiwa kimenyooka. Na yule abiria wa nne mnayemkalisha nusu tako pembeni ya dereva? Uzito wa mbele huohuo, tena wa upande mmoja. Halafu mnalaumu barabara.

Oili, klachi na grisi mnajua, sina haja ya kurudia. Ila tairi la mbele nalisemea. La pikipiki huliwa katikati. La bajaji huliwa mabegani, kwa kuwa haliwezi kulala, linaburuzwa kando kila kona. Watu wananijia wakidai uma, kile chuma kinachoshika gurudumu la mbele, umepinda. Mara nyingi ni upepo mdogo na kona za fujo, lakini kuna siku kweli umepinda, na kwa kutazama tairi peke yake nami huwa nakosea. Kuna mtu nilimfungulia usukani mzima, nikabadilisha beringi, nikachukua hela yake. Tairi jipya likalika vilevile. Bado tunasalimiana, ila gereji kwangu haji.

Huyu wa juzi nilimwambia tuanze kwa kulifungua tairi la mbele tulitazame. Akaniuliza kioo ni shilingi ngapi.