Bakapu Ipo, Lakini Je, Inarudi?

Tukienda kwenye ofisi za hapa Tanga kufundisha utunzaji wa data, iwe Ngamiani, Chumbageni au kule Pongwe, swali letu la kwanza, kama wana bakapu, yaani nakala ya akiba ya data zao, hujibiwa upesi: "Bakapu ipo." Tunaoneshwa hadi diski iliyomo kwenye mtoto wa meza, au flashi iliyofungwa pamoja na funguo za ofisi. Swali la pili ndilo linaloleta kimya. Mara ya mwisho mliirejesha lini, yaani mlizitoa lini data humo na kuzitumia tena?

Masika moja tuliitwa na chama cha kuweka na kukopa cha hapa mjini. Umeme ulikuwa umekatika na kurudi mara tatu asubuhi moja, seva, ile kompyuta kuu inayotunza data za ofisi, ikagoma kuwaka, na diski yake ikawa inagonga. Mhasibu, mama mtu mzima mwenye utaratibu wake, alitukabidhi flashi ya GB 32. "Wanangu, kila jioni naichomeka, kila asubuhi naichomoa. Sijaruka hata siku moja." Na kweli hakuruka. Faili la jana yake lilikuwamo. Tulipoanza kurejesha kwenye kompyuta nyingine, jedwali la akiba likaja, la hisa likaja, la mikopo likakatika katikati, na la wanachama halikuwamo kabisa. Tulikuwa na fedha za watu bila majina ya wenyewe.

Kisa chake ni hiki. Flashi nyingi za ukubwa ule hutoka dukani zikiwa zimeandaliwa kwa mfumo wa kupanga mafaili uitwao FAT32, na mfumo huo haupokei faili moja linalofika GB 4. Chama kilikuwa kimeanza kuingiza picha za fomu za mikopo ndani ya hifadhidata, yaani mkusanyiko wa majedwali yake yote, ikanenepa. Programu ya bakapu iliandika majedwali kwa mpangilio wa alfabeti; ilipofika GB 4 ikaishia hapo, na herufi W haikufikiwa. Kwa miezi kadhaa faili la kila jioni lilikuwa na ukubwa uleule, wala hakuna aliyelitilia shaka. Kilichowaokoa ni daftari la karatasi lililosahauliwa stoo. Yule mama alikaa nalo kutwa nzima, siku baada ya siku, akiingiza jina moja moja. Hakustahili adhabu ile. Aliambiwa achomeke na achomoe, akafanya; hakuna aliyemfundisha kurejesha.

Wakubwa nao yamewakuta. Tarehe 31 Januari 2017, kampuni ya GitLab, inayohifadhi kazi za waandishi wa programu wa dunia nzima, ilifuta kwa bahati mbaya hifadhidata yake kuu. Bakapu ya kila siku ilikuwa ikishindikana kwa kuwa toleo la programu ya kunakili halikulingana na toleo la hifadhidata, na barua pepe za kuonya zilikuwa zikikataliwa njiani. Wakaokolewa na nakala ambayo mhandisi mmoja aliichukua kwa mkono saa 6 kabla ya tukio. Yaliyoingizwa kwenye hifadhidata hiyo katika saa hizo 6 hayakurudi. Kampuni yenyewe ilieleza yote hadharani, nasi tunaishukuru kwa hilo.

Basi siku ya kupotelewa na data ikiwadia, shika haya. Diski ikigonga, izime na usiiwashe tena kujaribu bahati. Kila dakika inayozunguka huenda inajikwaruza. Faili likifutwa kwa makosa, acha kuitumia diski hiyo papo hapo, kwani data hubaki mpaka iandikwe juu yake nyingine. Usisakinishe programu ya uokoaji kwenye diski ileile. Kwa diski za SSD, zile zisizo na sahani inayozunguka, matumaini ni madogo zaidi, maana zenyewe husafisha nafasi iliyofutwa.

Kama bakapu yako ni moja tu, inakili kwanza kabla ya kuigusa kwa lolote. Kisha irejeshe pembeni, kwenye kompyuta nyingine, usiimwage juu ya data iliyopo. Nakala ya jana ikija mbovu nawe umeshafuta ya leo, umepoteza zote mbili. Iwapo mashine imeingiliwa na virusi vya kufunga mafaili na kudai malipo, usichomeke bakapu kabla mashine haijasafishwa na programu zake kuwekwa upya, la sivyo nayo itafungwa. Tena chagua nakala ya kabla ya maambukizi, ambayo si lazima iwe ya mwisho.

Data ikisharudi, usiridhike kwa kuona mafaili. Fungua risiti ya mwisho. Hesabu wanachama. Linganisha jumla ya akiba na taarifa iliyochapishwa.

Piga pia hesabu ya muda, jambo ambalo wengi hulisahau. GB 500 kutoka diski ya nje yenye USB 2.0, kwa mwendo wa MB 30 kwa sekunde, huchukua saa 4 na nusu na ushei. Mzigo huohuo ukiushusha kutoka kwenye wingu, yaani hifadhi ya mtandaoni, kwa intaneti ya megabiti 10 kwa sekunde, ambayo ni MB 1.25 tu, ni siku 4 na nusu na ushei, usiku na mchana, bila kukatika. Zahanati haiwezi kungoja hivyo. Wingu ni zuri kwa moto na wizi, ila nakala ya karibu iwepo, na isilale chumba kimoja na seva.

Jambo la mwisho ni nenosiri. Bakapu iliyofungwa kwa nenosiri haifunguki bila hilo, na mara nyingi tunalikuta limeandikwa ndani ya seva ileile iliyokufa. Liandike kwenye karatasi, tia kwenye bahasha, funga, iweke kabati la jengo jingine, na watu wawili wajue ilipo.